Sura ya Tisa: Mbele ya Josho

Muuaji hapangi magunia. Neno hilo lilimkwama Inspekta Nzomo tangu Jumatano kama punje ya mahindi ya muthokoi kwenye jino bovu, na kila alipojaribu kulitoa lilizidi kuingia ndani. Ijumaa asubuhi uvumilivu ukamwishia, akamwambia Koplo Mbula awashe Land Rover warudi uwanjani.

“Tena, afande?”

“Tena.”

“Lakini si faili tulifunga? Jumatatu Mutie anasomewa mashtaka Machakos.”

“Faili imefungwa kwa uzi, Koplo. Uzi unafunguka. Shingo ya mtu ikishafungwa, nani ataifungua?”

Mbula alikuwa mwanamke wa kutoka pande za Nuu, mwenye maneno machache na ulimi mkali, na asubuhi hiyo aliamua kutumia yale machache tu. Aliingiza gia, wakaondoka.

Kesi yenyewe ilikuwa imeuchemsha mji wote wa Salama. Kinuthia, mwenye gereji ya pikipiki pale kando ya barabara ya Mombasa, alikuwa amekufa Jumamosi iliyotangulia katika uwanja alioujenga kwa jasho lake mwenyewe. Aliyeshikiliwa kwa kumuua alikuwa Mutie, mtu wake wa mkono, aliyekula mezani kwake kwa miaka. Kosa la kuua kwa kukusudia lina adhabu moja tu, na hata watoto wa shule waliijua.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu huo uwanja, maana asiyeuelewa uwanja hataielewa kesi. Nyuma ya mji kulikuwa na ranchi iliyokufa zamani, haina ng'ombe wala mwenyewe wa kueleweka. Kinuthia alikodi kipande chake, akafyeka vichaka, akachonga njia ya changarawe inayopanda, inateremka, inapinda na kurudi ilipoanzia. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, wenye pikipiki walikuja kutoka Sultan Hamud, Machakos, hata Nairobi, wakazunguka mpaka mikono ikafa ganzi. Hayakuwa mashindano. Hakukuwa na kikombe wala mshindi. Ilikuwa ni raha ya kuendesha, basi.

Tangu mwanzo walizunguka upande mmoja, kama mshale wa saa. Kisha manung'uniko yakaanza. Tairi zinalika upande wa kulia na wa kushoto bado uko mpya. Kona zimezoeleka hata mtu aweza kuzipinda akiwa amefumba macho. Kinuthia akasema haya, mwezi huu tunageuza, tutazunguka kinyume. Wazee wa kanisa wakamtania kwamba kinyume ni njia ya Shetani, naye akawajibu kwamba hata mwana mpotevu alirudi kwa baba yake kinyume na alivyotoka. Watu walicheka sana. Siku yenyewe ilipofika alitoka wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake, na hakumaliza hata mzunguko mmoja.

Kilichomuua ni josho. Ranchi ilipokufa iliacha josho lake la kuoshea ng'ombe, mtaro mrefu wa saruji ulioziba kwa udongo, na kila ncha ilizibwa baadaye kwa ukuta unaomfikia mtu kifuani. Njia ya pikipiki ilipita ubavuni mwake. Siku za kawaida pikipiki zilikuja zikiikabili ncha moja ya josho, na ukuta wa ncha hiyo ulikuwa umekingwa kwa magunia yaliyoshindiliwa maranda ya mbao, ili atakayeteleza agonge kitu laini. Siku ya kinyume, pikipiki zilikuja kutoka upande wa pili, zikiteremka mwinuko, zikiikabili ncha ile nyingine. Kinuthia alivuka mwinuko, gurudumu likateleza kwenye changarawe, akaenda moja kwa moja ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu. Magunia yalikuwa ncha ya pili, yamepangwa vizuri.

Breki zilikaguliwa zikaonekana nzima. Kwa hiyo swali likabaki la magunia, na hapo kulikuwa na maneno mawili yaliyogongana.

Ng'ang'a, mdogo wake marehemu, aliapa: “Nilimwona Mutie na macho yangu. Alitoa magunia mbele ya josho, akapeleka nyuma. Nikadhani ataleta mengine.”

Mutie naye aliapa: “Mimi nilitoa magunia nyuma, nikaweka mbele, vile mzee aliniambia.”

Mbele na nyuma haviwezi kubadilishana mahali. Mmoja wao alikuwa mwongo, na Nzomo alikuwa amechagua. Alimchagua Mutie kwa sababu wiki moja kabla ya kifo mji mzima ulimsikia Mutie na Kinuthia wakifokeana gerejini, na kwa sababu Ng'ang'a ndiye aliyekuwa akilia. Askari wa zamu wakamsaidia Mutie kukumbuka, kama wanavyosema wenyewe. Hakukumbuka kitu kingine. Alirudia maneno yale yale mpaka mdomo ukavimba.

Lakini muuaji hapangi magunia. Muuaji angeyatupa kichakani, au angeyatoboa. Mutie aliyapanga safu juu ya safu, akayafunga kwa kamba ya katani, akaondoka. Nani hujisumbua hivyo kwa kazi ya uovu?

Uwanjani, kwenye ncha ya josho iliyo mbali na mwinuko, walimkuta Jonah Kisilu, shemasi wa kanisa na mshika bendera wa uwanja, akikusanya bendera zake na kuziweka kwenye gunia. Alikuwa mtu mzima, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alipowaona polisi alivua kofia.

“Bwana Kisilu,” Nzomo akaanza, “Jumamosi ile, kabla ya Mutie kuyagusa magunia, yalikuwa upande gani?”

“Ule wa mwinuko, Inspekta. Mahali yanatakiwa.”

“Na nani aliyapeleka huko? Siku nyingine zote hukaa ncha hii.”

Jonah akalishusha gunia la bendera. “Ni mimi. Kinuthia aliniomba. Nilitoa hizo magunia hapa nikapeleka kule, peke yangu, mbele ya watu.”

Nzomo akasimama wima. “Mbele ya watu? Kwa hiyo wako walioona!”

“Hapana, Inspekta. Hakuna mtu aliona.”

“Umesema mbele ya watu.”

“Ndio. Mbele ya watu kufika. Uwanja ulikuwa mtupu kabisa.”

Mbula aligeuka upande, akaficha kicheko kwenye kiganja. Nzomo hakucheka. Alizaliwa milimani Mbooni, na mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa mkali, alimfundisha kusema kabla. Lakini alikuwa amesikia mbele ya namna hiyo sokoni na barabarani tangu utoto. Mbele ya mvua, mbele ya Krismasi. Alilijua neno hilo, na bado lilikuwa limemtega sasa hivi, mchana kweupe, na yeye ni mtu mzima mwenye cheo.

“Ulimwambia Mutie kwamba umeyahamisha?”

“La. Nilijua Kinuthia atamwambia.”

“Na kwa nini hukutuambia sisi?”

“Mliniuliza kama niliona akianguka. Nikawaambia sikuona, mimi nilikuwa ng'ambo ya mwinuko na bendera.” Jonah aliikunja ile kofia. “Inspekta, tangu siku hiyo siwezi kuomba vizuri. Ningemwambia Mutie neno moja tu. Tulipita na yeye pale langoni, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Habari zote tuliulizana, isipokuwa hiyo.”

“Usiondoke hapa,” Nzomo akamwambia. “Tunarudi.”

Nyumbani kwa Kinuthia turubai lilikuwa limefungwa tayari. Mazishi yalikuwa alasiri hiyo hiyo. Kaburi lilichimbwa nyuma ya gereji, penye mti wa mpapai, kwa kuwa Kinuthia alikuwa amesema mara nyingi kwamba Salama imemlea na Salama itamzika, na wazee waliokuja kutoka Murang'a walishindwa kubishana na maneno ya maiti. Wanawake walikuwa wakimenya viazi. Wariara, mjane, aliletwa chumba cha ndani, kitambaa cheupe kichwani, na macho yaliyokwisha kulia yote.

“Pole tena, Mama Nduta,” Nzomo akasema. “Sikupenda kuja leo. Nina swali moja. Asubuhi ile ulikuwa unapika chai pale uwanjani. Ulimsikia mzee akimwambia Mutie kitu?”

“Nilimsikia. Kila mtu alimsikia. Alikuwa amewasha pikipiki tayari, akapiga kelele, ‘Mutie! Magunia mbele ya josho!’”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu. Alisema hivyo kila mwezi. Mzee wangu hakuwa mtu wa kusimama aongee na pikipiki inanguruma.”

“Na Mutie akajibu nini?”

“Akainua mkono. Halafu mzee akaenda kupasha injini moto huko barabarani, na Mutie akaenda kwa josho.” Aliweka kitambaa chake sawa. “Inspekta, nikuambie kitu? Ule ugomvi mnaousema. Mutie alikuwa anataka aruhusiwe kupanda pikipiki aingie uwanjani. Mzee akakataa, akasema utavunjika, na nikikukosa wewe nani atanifungulia lango? Wakafokeana kama mtu na ndugu yake. Kesho yake walikula sahani moja, hapo unapokaa.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenisikia? Ulikuja na pingu mkononi.”

Nzomo aliangalia sakafu. Mama huyo alikuwa amesema kweli, na kweli ikisemwa kwa sauti ya chini huuma zaidi.

“Watoto wananiuliza kama ni Mutie aliua baba yao,” Wariara akaendelea. “Walizoea kumpanda mgongoni. Leo tunazika, na nataka niwape jibu kabla udongo haujarudi. Ukinipa jibu, lolote lile, nitalipokea. Lakini nipe.”

“Nitakupa, Mama Nduta.”

Alitoka nje akamtafuta Ng'ang'a, akamkuta akielekeza vijana mahali pa kuweka viti. Ng'ang'a alikuwa na suti nyeusi iliyokuwa kubwa kwake, na alipoambiwa apande gari alikasirika.

“Leo? Ati leo, siku ya kuzika ndugu yangu?”

“Ni kwa sababu ni leo,” Nzomo akasema. “Tutarudi hata viti havijaisha kupangwa.”

Kituo cha polisi kilikuwa njiani. Mutie alitolewa seli, akafungwa pingu, akaketishwa nyuma karibu na Mbula. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Ng'ang'a hakumtazama. Mutie ndiye aliyemtazama Ng'ang'a, akaona suti nyeusi, akaelewa ni siku gani.

“Mnamzika leo,” akasema.

Walipofika uwanjani jua lilikuwa limepanda na changarawe iling'aa. Nzomo aliwasimamisha wote katikati, ubavuni mwa josho, wakiwa wameupa mgongo mtaro. Upande mmoja ulikuwa mwinuko. Upande wa pili ulikuwa uwanda wa nyasi na nguzo chache za zizi la zamani. Alimsogelea Mutie akamfungua pingu.

“Afande!” Mbula akashtuka.

“Atakimbilia wapi? Hebu nisikilizeni. Ng'ang'a na Mutie, sitaki maneno. Nikipiga makofi, kila mmoja aende akasimame mbele ya josho. Marehemu alisema magunia yawe mbele ya josho, na nyote wawili mnakubali alisema hivyo. Basi nionyesheni hiyo mbele. Msitazamane.”

Akapiga makofi.

Ng'ang'a alikwenda upande wa mwinuko, kwa hatua za mtu mwenye haraka, akasimama penye ukuta uliokuwa bado na doa jeusi. Mutie alikwenda upande wa nyasi, akichechemea, akasimama kati ya nguzo za zizi. Na Koplo Mbula, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alikuwa amefuatana na Mutie, kisha akashtuka akajiuliza amefikaje huko. Jonah Kisilu alibaki katikati na kofia yake mkononi.

“Na wewe, shemasi?” Nzomo akauliza.

“Inspekta, mimi nangoja uniambie kwanza. Pikipiki zinatoka wapi?”

Lo! Nzomo aligeuka akatazama mwinuko, kisha nyasi. Alimwendea Ng'ang'a kwanza.

“Kwa nini hapa ndipo mbele?”

“Kwani kuna maneno hapo? Mtu anakuja kutoka juu, anashuka. Ukuta unaomwangalia usoni ni huu. Hii ndiyo mbele. Na Mutie alitoa magunia hapa hapa nikimwona!”

“Na siku za kawaida, mkizunguka ule upande wenu wa siku zote?”

Ng'ang'a akageuka akaangalia upande wa nyasi. “Siku za kawaida mbele ni kule.”

Nzomo akatembea urefu wote wa josho mpaka kwa Mutie. Hapo, chini ya nyasi, saruji ilikuwa na alama za kwato zilizokauka ndani yake tangu siku ilipomwagwa, zote zikielekea mtaroni.

“Mutie, kwa nini hapa?”

“Afande, nimewaambia siku zote hizi.” Alisema polepole, kwa sababu ya mdomo. “Hapa ni mlango. Ng'ombe zinapanga foleni hapa, zinaruka ndani, zinatokea kule nyuma. Mimi nimelelewa na ng'ombe huko Nuu. Josho iko na mbele yake, kama nyumba. Ukija nyumbani kwangu kutoka nyuma, utasema mlango umehama?”

“Si ni kweli, afande,” Mbula akasema kwa sauti ndogo. “Hata mimi sikufikiria. Hapa ndio mbele. Nyuma ni pale zinatoka zikitiririka dawa.”

“Kila mwezi Kinuthia alipokwambia mbele ya josho, uliyaweka hapa?”

“Hapa hapa.”

“Akalalamika?”

“Hata siku moja. Angelalamika aje? Ndipo alitaka.”

“Na Jumamosi?”

“Jumamosi nilipata magunia yako nyuma. Nikasema hawa watu wameyavuta wakayakalia, wameyaacha huko. Mzee akapiga kelele, mbele ya josho. Nikayabeba nikayarudisha. Niliyapanga vizuri, afande. Niliyafunga.”

“Hukujua siku hiyo wanazunguka kinyume?”

“Nilijua. Lakini mimi sijawahi kuingia hiyo njia, alinikataza. Mambo ya pikipiki ni yake. Aliniambia mbele, nikaweka mbele.”

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Lakini mtu huuliza anapokuwa na shaka, na pale hakuna aliyekuwa na shaka. Miezi yote neno lile lilikuwa limewatumikia wawili hao bila kosa, kwa sababu mbele ya mwenye pikipiki na mbele ya mchunga ng'ombe zilikutana kwenye ukuta mmoja. Kinuthia alipogeuza mwendo, mbele yake iligeuka pamoja naye. Ile ya Mutie haikuwa na mahali pa kwenda. Ilikuwa imemwagwa kwenye saruji.

Nzomo aliwaita wote katikati akawaeleza, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Jonah alifunika uso kwa kofia. Ng'ang'a aliketi chini kwenye vumbi na suti yake nyeusi.

“Kwa hiyo mimi sikudanganya,” akasema.

“Hukudanganya.”

“Na yeye hakudanganya.”

“Hapana.”

“Ngai! Sasa nani aliua ndugu yangu?”

Miaka yake yote kazini Nzomo alikuwa akitafuta mwongo, na kila mara alimpata, maana waongo hawakosekani duniani. Hapa alikuwa na wakweli wawili na maiti mmoja.

“Afande.” Mutie alikuwa akiutazama ule ukuta wa mwinuko. “Kama ningeacha magunia kule nilikoyakuta, angegonga magunia.”

“Mutie, wewe...”

“Angegonga magunia?”

“Ndiyo.”

“Angeinuka.”

“Pengine.”

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Hukukusudia. Sheria inaangalia nia ya mtu.”

“Sijauliza sheria,” Mutie akasema.

Basi hapo ndipo majuto yalipomwingia Nzomo sawasawa, na hayakumtoka tena. Siku zote alizokaa ndani, na mateke aliyopigwa, Mutie alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia. Alijua hana hatia. Alilala sakafuni akilijua hilo. Sasa Nzomo alikuwa amekuja na akili zake na makofi yake, amemwondolea kitanzi shingoni, na papo hapo amemnyang'anya kitu hicho. Na kama angemuuliza swali hili siku ya kwanza, kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mtu mwenziwe, angalau uso ule usingevimba.

“Nisamehe kwa jicho hilo,” akamwambia.

Mutie aligusa jicho kama aliyesahau kwamba lipo. “Hilo litapona,” akasema.

Kituoni Nzomo alipiga simu Machakos. Mkubwa wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa.

“Unataka nimwambie mwendesha mashtaka kwamba kesi ya mauaji imevunjwa na neno moja?”

“Ndiyo, mzee. Mbele.”

“Una uhakika?”

“Niliwasimamisha wanne penye hilo josho. Nilipata mbele mbili, na mmoja aliyeniuliza pikipiki zinatoka wapi. Leteni hakimu mwenyewe, tumsimamishe naye.”

“Mwachilie,” sauti ikasema. “Uniletee maelezo mapya, na yaandikwe vizuri, maana wengine hatujawahi kuchunga.”

Mutie alipewa mshipi wake na viatu vyake. Hakuvivaa. Alikaa kwenye benchi la kituo, viatu mapajani, akasema atangoja gari la kwenda Kitui apande arudi kwao Nuu. Mazishini hataki kwenda. Atamtazama vipi Mama Nduta?

“Ng'ang'a ameshakwenda kumwambia,” Nzomo akasema. “Mwenyewe aliniomba jibu kabla ya udongo, na jibu ninalo sasa. Lakini akiniuliza uko wapi, nimwambie umepanda gari?”

Mutie alifikiri. Kisha akaanza kuvaa viatu.

Walifika wakati mchungaji anamalizia sala. Watu walikuwa wengi, wamelizunguka kaburi pande zote, wengine wamepanda hata juu ya magari mabovu ya gereji. Waendesha pikipiki walikuwa wamesimama pamoja, helmeti mikononi. Mutie alibaki nyuma kabisa, ukutani, na Nzomo akabaki karibu naye. Minong'ono ilipita katika umati kama upepo kwenye mahindi. Ng'ang'a aliinua kichwa akawaona, akamnong'oneza shemeji yake.

Jeneza lilikuwa limeshuka. Familia ilikuwa ikitupa udongo, mmoja mmoja. Wariara alishika udongo wake mkononi, hakuutupa. Alitazama juu ya vichwa vya watu.

“Mutie,” akaita.

Kila mtu akageuka.

“Mutie, njoo mbele.”

Umati ulipasuka. Ulipasuka pande mbili, kwa sababu watu wa upande huu walidhani atapita kwao, na wa upande ule vivyo hivyo, na njia mbili zikafunguka mpaka kaburini, moja kuelekea kichwani na nyingine kuelekea miguuni. Mutie alitoka ukutani akapiga hatua, akasimama. Alitazama njia moja, akatazama nyingine.

“Mama Nduta,” akasema, na kwa kimya kile hata waliokuwa juu ya magari walimsikia. “Mbele ni wapi?”

Wariara hakuelewa mara moja. Kisha alielewa, na mkono wake wenye udongo ukaenda mdomoni. Watu walimtazama akilizunguka kaburi, akipita kwa mchungaji, kwa wazee wa Murang'a, kwa wenye helmeti, akitembea mpaka kule nyuma ukutani. Alimshika Mutie mkono wa shati kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara.

“Ni hapa nilipo mimi,” akamwambia. “Twende.”

Wakaenda, na walipofika alifungua kiganja, akamgawia nusu ya ule udongo.